Nafasi ya Mchezaji Aliyeumia

Msomaji aliyelelewa katika kandanda ya Simba na Yanga amezoea kwamba mchezaji akivunjika mguu, klabu hujikimu kwa wale iliokwisha kuwasajili, hadi dirisha la usajili lifunguliwe tena. Katika futiboli ya Kimarekani, hasa katika ligi ya NFL, mambo ni kinyume: klabu yaweza kuajiri na kuachisha watu karibu kila juma la msimu, lakini kila jina linalohifadhiwa hukalia moja katika nafasi 53, wala hakuna nafasi ya 54, hata kwa majeruhi anayestahili huruma ya kila mtu.

Kwa hiyo daktari akishatoa ripoti yake, jambo linalotangulia kuulizwa ni muda. Akitazamiwa kupona katika juma moja au mawili, majeruhi hubakizwa katika orodha, na siku ya mchezo huketi pamoja na wale wasiovaa jezi, kwani katika hao 53 wanaoruhusiwa kushuka uwanjani hawazidi 48. Jeraha likiwa zito, huhamishiwa katika daftari la majeruhi, ambako huendelea kupokea ujira bila ya kuhesabiwa miongoni mwa 53, kwa sharti la kukosa michezo isiyopungua 4. Na kwa kuwa kanuni ya mwaka 2022 iliipa klabu idhini ya kuwarejesha watu 8 tu kwa msimu, hata rukhsa hiyo yataka kutumiwa kwa tadbiri. Pengo hujazwa aghalabu kutoka kikosi cha mazoezi, chenye watu wapatao 16 wanaozijua mbinu za timu, ingawa klabu nyingine yaweza kumnyakua mmoja wao, maadamu itamwandika katika 53 wake.

Haya yote yalionekana wazi kwa San Francisco 49ers katika msimu wa 2022. Klabu hiyo ilikuwa imetoa nafasi zake tatu za raundi ya kwanza katika uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya, na nyingine ya chini, ili impate Trey Lance, kwotabeki (yaani mrusha mpira anayeongoza mashambulizi) aliyeteuliwa wa 3 mwaka 2021. Ilhali Jimmy Garoppolo, ambaye kila mtu alidhani amekwisha kuaga, alibakizwa Agosti kwa mkataba mpya wa mshahara uliopunguzwa. Wengi waliona ni israfu kumweka mtu wa namna ile benchini, nami nasema ulikuwa ndio uamuzi wa busara kupita yote waliyoyafanya mwaka ule, kwani Septemba 18 Lance alivunjika kifundo cha mguu, na timu haikutetereka. Desemba 4 Garoppolo naye akavunjika mguu, na zamu ikamfikia Brock Purdy, kijana aliyeteuliwa wa 262, yaani wa mwisho kabisa; huyo akashinda michezo yote 7 ya kwanza aliyoianza, ya mchujo ikiwamo. Nyuma yake aliwekwa Josh Johnson, mkongwe aliyepita katika vilabu vingi, aliyechukuliwa kutoka kikosi cha mazoezi cha Denver.

Hapo akiba ilikwisha. Januari 29, 2023, huko Philadelphia, katika mchezo wa kuingia fainali, Purdy aliumia kiwiko mapema sana; Johnson akaingia, naye akapata mtikisiko wa ubongo, basi Purdy akarudishwa uwanjani ilhali mkono wake hauwezi kurusha mpira mbali, na 49ers wakashindwa 31 kwa 7. Miezi michache baadaye ligi ikaruhusu kwotabeki wa tatu wa dharura avae jezi bila ya kuhesabiwa katika 48, sharti wawili wa mbele yake wawe wameshindwa kuendelea. Kanuni ya namna hiyo ilikuwako zamani, ikafutwa mwaka 2011.

Garoppolo akaenda Las Vegas. Purdy alipasuliwa kiwiko mwezi Machi, na Septemba akaanza msimu kuwa ndiye wa kwanza. Lance, ambaye kifundo chake kilikuwa kimepona, hakubakiwa na nafasi katika 53 iliyostahili gharama yake, na mwezi Agosti akapelekwa Dallas kwa badali ya nafasi moja ya raundi ya nne.