Wasanidi Programu na Msaidizi Wasiyemwamini

Zana za akili mnemba zinazosaidia kuandika programu za kompyuta zinazidi kutumika, ilhali imani ya wanaozitumia inapungua. Katika uchunguzi wa maoni unaofanywa kila mwaka na Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya wasanidi programu, asilimia 76 ya wasanidi programu walioulizwa mwaka 2024 walikuwa wakizitumia au wakikusudia kuzitumia, na mwaka 2025 kiwango hicho kikafikia asilimia 84. Hata hivyo, waliokuwa na mtazamo chanya kuzihusu walipungua kutoka asilimia 72 hadi 60, na wasioamini usahihi wake, asilimia 46, wakawazidi asilimia 33 walioamini.

Shaka ya aina hii si ngeni katika fani hiyo. Kampuni ya IBM ilipotoa lugha ya kuandikia programu iitwayo Fortran mwaka 1957, pamoja na kompaila yake, yaani programu inayogeuza maagizo yaliyoandikwa kwa lugha nyepesi kuwa namba zinazofuatwa na mashine, wataalamu wengi walidhani kwamba kazi ya kompaila haingelingana na ile ya mkono wa fundi. Kompaila ilishinda kwa sababu maagizo iliyoyazalisha yalikaribia kasi ya yale ya mkono, nayo hufuata kanuni zisizobadilika. Zana za sasa, mfano wa GitHub Copilot iliyoanza kujaribiwa hadharani mwaka 2021, hufanya kazi kwa namna nyingine: zimefunzwa kwa wingi wa msimbo, yaani maandishi ya maagizo ya kompyuta, kisha hukisia ni maandishi gani yanaelekea kufuata.

Kwa hiyo makosa yake huwa yamevaa sura ya usahihi. Zana ikiombwa kuandika maagizo ya kutafuta wastani wa alama za wanafunzi, inaweza kujumlisha alama zote na kugawanya kwa idadi ya alama hizo, jambo linaloonekana sawa kabisa, mpaka siku darasa lisilo na alama hata moja litakapoingizwa, mgawanyo kwa sifuri utokee na programu ikwame. Katika uchunguzi wa mwaka 2025, malalamiko yaliyoongoza yalikuwa hayohayo: majibu yaliyokaribia kuwa sahihi lakini yasiwe sahihi.

Kuhusu kasi, ushahidi umegawanyika. Jaribio lililoihusu Copilot lilionyesha kwamba waliopewa zana hiyo walimaliza kazi moja mpya, ya kuunda seva ndogo ya wavuti, kwa muda uliopungua kwa takriban asilimia 56. Kinyume chake, taasisi ya utafiti ya METR ilipowapima mwaka 2025 wasanidi 16 wenye uzoefu, katika miradi waliyoizoea kwa miaka, iligundua kwamba waliporuhusiwa kutumia akili mnemba walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, ingawa wao wenyewe waliamini kwamba walikuwa wameharakishwa kwa asilimia 20.

Matokeo hayo hayapingani kwa lazima, kwa kuwa katika kazi mpya sehemu kubwa ya muda huenda katika kuandika, ambako zana hufaa, lakini katika mradi mkongwe muda mwingi huenda katika kuelewa na kukagua, na hapo zana humwongezea fundi maandishi ya kusoma. Mwajiri anayenunua zana hizi hana budi kutenga muda wa ukaguzi, na mwanafunzi wa fani hii ajifunze kwanza kuandika kwa mkono wake, kwani asiyeweza kuandika msimbo hawezi kuuidhinisha.