Swichi Moja, Geto Zima Linawaka

Oya wanangu wa Mwigobero, tuseme ukweli: usiku wa giza, wana wa dagaa ndio wenye taa kali kuliko sote. Mwezi ukipotea wanazama ziwani, wanashusha taa kwenye maboya, dagaa wanajileta wenyewe. Enzi za karabai ilikuwa mafuta ya taa na kupampu hadi mkono uchoke. Siku hizi ni LED na betri, fasta. Kila taa ina betri yake na swichi yake, na ni sawa kabisa, maana zinatawanywa majini halafu zinafuatwa mojamoja.

Geto ni mishe nyingine. Hapo unataka ubonyeze mara moja tu, kona zote ziwake, demu aseme "duh!". Na hapo ndipo masela wengi wanapochoma picha.

Noma yenyewe ni hii: mtu ana balbu nne, anaziunga kwa kufuatana, umeme utoke kwenye ya kwanza uingie ya pili, hadi ya mwisho. Volti 230 za TANESCO zinagawanywa kwa nne, kila balbu inaambulia kama 57. Zinapepesa, au zinagoma kabisa. Moja ikifa, zote chali. Halafu jamaa anamaindi duka, eti kauziwa feki.

Zinatakiwa ziungwe sambamba. Waya wa moto unaingia kwenye swichi, unatoka, unagawa kwa kila holda. Nyutro haipiti kwenye swichi, inakwenda moja kwa moja kwenye holda zote. Hivyo kila balbu inakula volti zake 230 kamili, na ikifa moja wenzake hawana habari. Ukiikatisha nyutro badala ya moto, utazima swichi na taa inaweza kubaki na kamwanga fulani kama mzimu. Wengine wanaona ni swaga. Si swaga, mwana: holda bado ina moto, ukigusa umekwisha.

Bili isikutishe. Balbu nne za wati 5 ni wati 20. Ziwashe kwa saa tano kila usiku, uniti moja ya LUKU inakusogeza siku kumi. Ile balbu ya zamani ya wati 60, moja tu, inakula mara tatu ya hizo nne.

Sasa mkanda wa LED, ule wa kuzungushia dari na nyuma ya TV. Huu wa volti 12 ndio umeteka mageto na vinyozi. Uangalie kwa karibu: kila baada ya vitaa vitatu kuna alama ya mkasi. Kitaa cheupe kinataka kama volti 3, vitatu vinakula 9, zilizobaki zinamezwa na kile kidude cheusi pembeni, rezista. Kata kwenye alama tu. Ukikata kwingine, kipande hicho hakiwaki.

Ukiunganisha mikanda miwili mkia kwa kichwa, mwisho wake utafifia. Kila mkanda uvutie waya wake kutoka kwenye adapta. Na adapta yenyewe isiwe ya kuungaunga: mita 5 za mkanda mkali zinaweza kula wati 72, yaani ampea 6. Ukiuwekea adapta ya ampea 2 itachemka hadi inuke. Swichi ikate moto unaoingia kwenye adapta, mchezo umeisha.

Kabla ya kushika waya wowote zima mein swichi, na kazi ya 230 mpe fundi mwenye leseni ya EWURA. Mkanda wa volti 12 unaupiga mwenyewe.

Ila kama geto mnaishi wawili, swichi moja kwa kila kitu itawagombanisha: mwenzio anasoma, wewe unataka kulala. Fungeni yenye vibonyezo viwili, kimoja cha balbu, kingine cha mkanda. Mkianza kubishana nani ainuke akazime, hiyo si ishu ya umeme tena.