Elimu ni Sanad: Uandishi wa Wana Wetu Chuoni

Vijana wetu wanapoingia chuo kikuu, wengi hukutana na jambo wasilolizoea: insha ya utafiti. Skuli waliandika waliyoyahifadhi, chuoni huulizwa, “Kauli hii umeitoa wapi?”

Swali hilo si geni kwetu Waislamu. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, alisafiri miji mingi kukusanya Hadithi, akizipokea pamoja na sanad zake: nani kapokea kwa nani. Aliyekuja baadaye aliweza kupima.

Uandishi wa chuoni nao wataka hayo. Mwanafunzi huanza na swali dogo linalojibika, akasoma vitabu na makala za wataalamu, kisha huandika kwa maneno yake. Akinukuu, huweka alama za kunukuu. Akifupisha rai ya mtu, humtaja vilevile. Wataalamu wakikhitalifiana, huzipima hoja za kila upande kabla ya kutoa yake.

Kuchukua maneno ya mwenzio bila kumtaja, au kumlipa mtu akuandikie, ni khiyana ya amana. Mwanafunzi huweza kufutiwa alama, hata kufukuzwa, na karo iliyochumwa kwa jasho la wazazi ikapotea.

Basi, enyi akina mama, mtoto arudipo likizo tusimuulize alama pekee. Tumuombe atusomee insha yake, kisha tumuulize: hili umelipata kwa nani, na wewe mwenyewe waonaje? Akibabaika, tumhimize kwa upole arudi maktaba mapema.

Wallahu aalam.