Hodi Miongoni mwa Wafaransa

Katika mizigo anayoichukua msafiri umo mmoja ambao haupimwi forodhani, nao ni dhana. Mtu wa pwani yetu hajakanyaga Ulaya, lakini amekwisha kuambiwa ya kwamba Mwingereza ni baridi, Mjerumani ni mkali, na Mfaransa ana kiburi: hajibu mtu, na asiyejua lugha yake humgeuzia uso. Khabari hii ya Wafaransa mimi niliipokea tangu udogo wangu, na nilipofika Marseille niliikuta dukani ikiningoja. Au ndivyo nilivyoona.

Tulikuwa tumefikia kwa mjomba wake mke wangu, Mngazija aliyekaa mji ule miaka mingi. Visiwa vya Ngazija vilikuwa chini ya Ufaransa hata mwaka 1975, na Wangazija wa Marseille ni umma mkubwa. Mtu aweza kusikia kilugha chao sokoni akadhani yuko Moroni. Asubuhi ya pili nikatumwa mkate. Nikaingia katika duka la mikate, nikanyosha kidole, nikasema kwa Kifaransa changu kichache, “Miwili.” Mama wa duka hakuitazama mikate; alinitazama mimi, akasema, “Bonjour, Monsieur.” Nikadhani hakunisikia, nikarudia, “Miwili.” Naye akarudia, safari hii kwa sauti ya juu, “Bonjour!” Watu waliokuwa nyuma yangu mstarini wakanyamaza kimya. Nikaona nafanyiwa mzaha mbele ya watu. Nikatoka mikono mitupu, na kabla sijafika nyumbani nalikwisha kumpelekea ndugu yangu wa Mombasa ujumbe kwa simu, ya kwamba yote tuliyoyasikia juu ya watu hawa ni kweli tupu.

Mzee alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza, “Mwanangu, ulipoingia ulisema nini?”

Nikamjibu, “Nilisema nataka mikate miwili.”

Akasema, “Basi uliingia nyumbani kwa mtu bila ya hodi.”

Akanifahamisha ya kuwa kwa Mfaransa duka si mahali pa biashara tu. Mwenye duka ni kama mwenye nyumba, na anayeingia hana budi kumwamkia kabla ya kutaja haja yake. Neno hilo “bonjour”, pamoja na “Monsieur” kwa mwanamume au “Madame” kwa mwanamke, ndilo hodi yao. Husemwa kwa dereva mtu apandapo basi, na katika chumba cha kungojea kwa daktari husemwa kwa wote waliokaa humo, ijapokuwa hakuna anayemjua mwenziwe. Jioni hugeuka likawa “bonsoir”, na mtu akitoka huaga, hata kama hakununua kitu. Asiyelisema hahesabiwi kuwa mgeni asiyejua. Huhesabiwa kuwa mtu aliyemwona mwenziwe kama meza au mlango. Jawabu baridi anayoipata ndiyo hiyo anayokwenda kuisimulia kwao kuwa ni kiburi cha Wafaransa.

Nilipoyasikia haya niliona haya kweli kweli, kwani ni nani aliye karibu zaidi na adabu hii kuliko sisi? Katika Suratun Nur tumekatazwa kuingia nyumba zisizokuwa zetu mpaka tubishe na tuwatolee salamu wenyewe. Watoto wetu wa chuoni wanajua ya kwamba salamu hutangulia maneno. Mambo mawili haya, bila shaka, si kitu kimoja: salamu yetu ni dua na ibada, na yao ni ada ya watu. Na ziko tofauti nyingine ndogo. Sisi tumefunzwa kwamba ndugu wawili wakitenganishwa na mti au ukuta, kisha wakaonana tena, wasalimiane tena. Lakini Mfaransa ukimwambia “bonjour” mara ya pili siku ile ile hudhani umesahau ya kuwa mlikwisha kuonana, na pengine huona uchungu kidogo.

Wala sisi si Waislamu wa kwanza kwenda kuwatazama watu hawa. Katika mwaka 1826 Sheikh Rifaa al-Tahtawi, mwanachuoni wa al-Azhar, alishuka bandari hiyo hiyo ya Marseille, akiwa imamu wa vijana wa Kimisri waliopelekwa kusoma Paris. Alikaa miaka mitano, na akatunga kitabu juu ya safari yake. Humo alieleza jinsi wanavyokaa vitini kuizunguka meza, kila mtu na sahani yake, kisu chake na uma wake. Alisifu usafi wao, na alipoona kosa alisema ni kosa. Hakwenda na hukumu iliyokwisha kuandikwa. Alitazama kwanza, kisha akaandika. Mimi niliandika kabla ya kutazama.

Lakini si haki kumdanganya msomaji kwamba kila uzito unaompata Mwislamu katika nchi ile ni upungufu wa “bonjour”. Sheria ya mwaka 2004 imewakataza wanafunzi wa skuli za serikali kuvaa alama za dini zilizo dhahiri, na mtandio ni mojawapo. Sheria ya mwaka 2010 imekataza kuficha uso mahali pa watu wote. Msafiri mwanamke aliyejifunika nywele havunji sheria njiani wala sokoni, lakini aweza kukutana na jicho baya, na wako wasiompenda kwa dini yake tu. Jambo hilo lina jina lake, nalo si adabu. Ila mwenye duka la mikate hakuitunga sheria, na kumtwisha yeye mzigo wa wengine ni ile dhana tuliyotahadharishwa nayo katika Suratul Hujurat. Sura hiyo hiyo yatwambia kuwa tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane.

Sasa mtoto wa ndugu yangu amepata nafasi ya kusoma chuo kikuu huko Lyon, na imenipasa kumwandikia. Habari ya mkate wa halali hakuwa na haja ya kuniuliza: maduka ya nyama ya halali yapo mengi, na Paris uko Msikiti Mkuu uliofunguliwa mwaka 1926 kwa kuwakumbuka askari Waislamu waliokufa katika vita vikuu vya kwanza. Nilimwandikia zaidi juu ya meza za watu. Akialikwa chakula cha usiku nyumbani asifike kabla ya saa aliyoambiwa. Dakika kumi baadaye ndiyo heshima, kwani mwenye nyumba bado yumo jikoni. Asiende mikono mitupu: tende nzuri au halua hupokewa kwa furaha, na maua pia, ila si yale ya krisanthemi, ambayo kwao ni ya makaburini. Mikono iwe juu ya meza, si mapajani. Uma wao huushika kwa mkono wa kushoto; yeye na akate nyama kwanza, kisha auhamishe kuumeni, wala hakuna atakayemlaumu.

Na jambo lililo kubwa kuliko yote haya: aseme mapema, siku anayoalikwa, ya kwamba hali nguruwe, wala nyama isiyochinjwa kwa sheria, wala hanywi mvinyo, na kwamba mchuzi uliopikwa kwa mvinyo pia hauwezi. Vijana wetu huona haya kusema, wakanyamaza, kisha wakafika mezani wakaanza kurudisha sahani moja baada ya nyingine. Mama aliyepika tangu mchana hafahamu dini. Afahamu tu kwamba chakula chake kimekataliwa. Akiambiwa mapema hupika samaki, na jambo limekwisha. Kadhalika katika kuamkiana: wao hugusana mashavu, wanaume kwa wanawake. Basi aweke mkono kifuani, atabasamu, aseme “Bonjour, Madame” kwa uso mkunjufu, na afanye upesi, kabla shavu halijafika, kwani kurudi nyuma wakati huo huumiza.

Barua hiyo niliipeleka, na baada ya siku mbili akanipigia simu. Nikajua mara moja ya kuwa ujumbe wangu wa siku ile ulikuwa umezunguka nyumba zote za ukoo, kwani neno lake la kwanza lilikuwa hili: “Ami, lakini si wewe mwenyewe uliyesema Wafaransa hawajibu salamu?”

Sikuwa na budi ila kumsimulia yote, duka, mikate, na yule mama aliyenisalimu mara mbili mbele ya watu.

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, “Na wewe, Ami, ulimjibuje?”