Pembe moja inazaa zingine: namna ya kujifunza mateoreme ya duara



Juma lililopita nilikuwa nasimamia etidi ya jioni. Ku meza ya nyuma nikasikia wadogo wetu wa mwaka wa tatu wanasema mateoreme ya duara kwa sauti, mmoja la kwanza, mwingine la pili, mpaka la saba, macho yamefungwa. Nikawauliza: "Hili la tatu linatoka wapi?" Wakaangaliana. Mmoja akajibu: "Kapita, linatoka mu kaye." Tulicheka. Lakini wawili kati yao waliniambia kisha, polepole, kwamba wanataka kuacha seksio ya sayansi juu ya jeometri tu. Ndiyo sababu ninaandika.

Mimi mwenyewe nilianguka pale pale. Swali la interro lilikuwa hivi: duara, katikati yake ni O, nukta A na B ziko juu ya duara, na pembe AOB ni degre 100. Nukta C nayo iko juu ya duara. Pembe ACB ni degre ngapi? Nilijua kwa kichwa: pembe ya ukingoni ni nusu ya pembe ya katikati. Nikaandika 50, nikaweka kalamu chini wa kwanza mu darasa, pamoja na majivuno yangu. Kumbe jibu lilikuwa 130. Sikuangalia hata kidogo C iko upande gani. Na rafiki niliyemfundisha usiku ule, yeye naye aliandika 50. Hiyo iliniuma kupita pointi zangu.

Sasa tuanze. Picha hatukuweka, kwa sababu stensili yetu ikikutana na kompa inapasuka. Twaeni kaye, chorani ninyi wenyewe. Mkono ukichora, kichwa kinashika vizuri.

Chora duara, katikati O. Weka A na B, kisha C mbali nao, upande wa tao kubwa, hivi kwamba O iko ndani ya pembe ACB. Vuta CA na CB. Vuta tena mstari toka C kupita O mpaka ng'ambo, uite mwisho wake D. Angalia pembetatu OCA. OC ni reyo, OA ni reyo, basi miguu hiyo miwili iko sawa, na pembe ya C na pembe ya A ziko sawa vilevile. Tuseme kila moja ni degre 20. Pembe AOD iko inje ya pembetatu hiyo. Kila pembe ya inje ni jumla ya zile mbili za mbali, basi ni 20 na 20, ndiyo 40. Upande wa B fanya vilevile: kama pembe OCB ni 30, BOD ni 60. Ongeza: ku katikati 40 na 60 ni 100, kule C 20 na 30 ni 50. Nusu imetoka. (Kama O iko inje ya pembe ACB, utatoa pahali pa kuongeza, lakini nusu inabaki nusu.)

Hakuna uchawi hapo. Ni reyo mbili zilizo sawa, basi. Na sogeza C juu ya tao lile kubwa namna unavyotaka: pembe haibadiliki, sababu pembe ya katikati haikusogea. Teoreme la pili limekuja lenyewe.

Lakini vusha C mpaka ku tao dogo, kati ya A na B. Sasa C inaangalia tao kubwa, na pembe ya katikati ya tao kubwa si 100 tena, ni 360 kutoa 100, ndiyo 260. Nusu yake ni 130. Hapo ndipo nilizama. Tena ona: 50 na 130 ni 180. Basi kama nukta nne ziko juu ya duara moja, pembe mbili zinazoelekeana zinafanya 180. Wadogo wetu walikuwa wanaisema kama teoreme la sita, tena la kigeni. Ni mtoto wa lile la kwanza.

Na kama A, O na B ziko ku mstari mmoja? Pembe ya katikati ni 180, nusu ni 90. Hii sermala anaitumia. Nilikuwa na kazi ya kusimamia kifuniko kipya cha pipa la maji, na kishikio kilipaswa kuwekwa katikati kabisa. Sisi wa darasa la mwisho tulipima na rula kwa macho, mara tatu, na kila mara pahali pengine. Mzee sermala alitwaa ekeri yake, akaweka kona yake ku ukingo wa ubao, akatia alama pale mikono miwili inapokata ukingo, akaunga alama hizo kwa mstari. Akageuza, akafanya tena. Mistari miwili ilikatana: ndiyo katikati. Kila mstari ni diametri, sababu kona ya ekeri ni 90. Tulinyamaza.

Kuhusu tanjante nitasema kidogo tu. Inagusa duara ku A na inasimama wima juu ya reyo OA. Mu pembetatu OAB yetu, pembe ya A ni 40. Basi kati ya tanjante na AB inabaki 90 kutoa 40, ndiyo 50. Ile 50 tena!

Mambo haya ni ya zamani sana. Euclid aliyaandika mu kitabu cha tatu cha Elements, karibu miaka 300 mbele ya Kristo. Nusu yetu ni neno la 20, na ile ya 90 ni la 31. Vitabu vya Kiingereza vinaita hii ya 90 kwa jina la Thales. Vyetu vya Kifaransa vinampa Thales teoreme la mistari isiyokutana, basi msigombane na binamu zenu waliosoma Uganda.

Mbele ya kuandika namba, tia kidole juu ya tao ambalo pembe inaangalia. Mu mtihani wa kuchagua majibu, 50 ya haraka inaweza kukungoja pale pamoja na 130.

Zoezi: AB ni diametri, C iko juu ya duara, pembe BAC ni degre 35. D iko juu ya tao AC, upande usio na B. Tafuta pembe ADC. Leteni majibu ku etidi ya siku ya tano, pamoja na sababu. Jibu bila sababu sitalisoma.

Kapita mkuu, finalisti