Pikipiki ya Lami na ya Njia Mbovu: Namna ya Kuichagua

Mganga wa mifugo akaaye Maralal hana njia moja tu ya kupita. Leo huitwa Baragoi, karibu kilomita 100 za mawe, vumbi na makorongo. Kesho hutakiwa mkutanoni Nyahururu, na safari hiyo kwa sehemu kubwa ni ya lami. Hawezi kununua vyombo viwili. Pikipiki moja hapana budi imfikishe pote pawili, pamoja na sanduku lake la dawa, na imrudishe kabla ya giza. Akichagua vibaya, akiba ya miaka mitatu hulala chini ya mgunga ikingoja kipuri kutoka Nairobi, na ng'ombe anayemngojea hufa.

Hali hiyo si yake peke yake. Mwalimu, mkunga, mfanya biashara wa mbuzi, hata karani wa mjini apendaye kwenda kwao mwisho wa juma, wote hutafuta chombo cha namna hiyo hiyo. Pikipiki za aina hiyo zipo, tena nyingi, na wauzaji huziita pikipiki za safari. Lakini jina hilo limepewa mashini zilizo mbali mbali sana, na mnunuzi asiyejua tofauti zao huweza kulipa fedha nyingi kwa kitu kisichomfaa.

Yafaa kujua jina hilo lilikotoka. Mwaka 1979 yalifanyika mashindano ya kwanza ya magari na pikipiki kutoka Paris mpaka Dakar, yakipitia jangwa la Sahara. Aliyeshinda ni Mfaransa Cyril Neveu, naye alipanda Yamaha XT500, pikipiki ya silinda moja tu, nyembamba na isiyo na mambo mengi. Mwaka 1980 kampuni ya BMW ya Ujerumani ikaanza kuuza R80 G/S. Herufi hizo mbili ni kifupi cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya porini na barabarani, na mwaka uliofuata Hubert Auriol aliipanda pikipiki ya kampuni hiyo akashinda mashindano yale yale. Tangu hapo mafundi wamegawanyika njia mbili. Wengine waliendelea na mashini nyepesi. Wengine waliongeza silinda, matangi, masanduku na taa, hata BMW R1250GS, iliyotoka miaka karibu arobaini baadaye, ikawa na uzito wa kilo 249 ikiwa na petroli yake.

Uzito huo ndio jambo la kwanza la kufikiriwa, ingawa vijana wengi huanza kwa kuuliza nguvu za injini. Juu ya lami uzito si adui. Huifanya pikipiki itulie upepo unapovuma na lori linapopita. Katika mchanga mambo hubadilika. Gurudumu la mbele huzama, usukani huvutwa upande, na mpandaji asiyezoea huanguka. Hapana aibu katika kuanguka, kwa maana kila apitaye njia hizo huanguka siku moja. Shida ni kuinuka. Mtu mmoja mwenye afya aweza kuinua pikipiki ya kilo 130 mara tano kwa siku, akaendelea na safari. Ile ya kilo 249 ataiinua mara moja au mbili, kisha ataketi kando yake akingoja wapita njia, na katika nchi iliyo baina ya Baragoi na Ziwa Turkana wapita njia si wengi. Mashini kubwa hupendeza sana mbele ya hoteli.

Basi, kabla ya kuingia dukani, mnunuzi na aandike kwa mwezi mmoja safari zake zote: kilomita ngapi za lami, ngapi za murram, ngapi za mchanga au matope, na mara ngapi amebeba mtu au mzigo. Wengi huona ajabu wakisoma hesabu yao wenyewe. Yule aliyedhani yeye ni mtu wa porini hugundua kwamba kilomita tisa katika kila kumi ni za lami. Na yule wa mjini hugundua kwamba kilomita mbili za mwisho, za udongo mweusi unaonata, ndizo zinazomshinda kila mvua inyeshapo.

Gurudumu la mbele hueleza mengi kuhusu kusudi la mashini. Kwa kawaida pikipiki ya barabarani ina gurudumu la inchi 17; ya porini inchi 21; na lile la inchi 19 ni mapatano baina yao. Gurudumu kubwa hupanda jiwe na kuvuka shimo ambalo dogo lingetumbukia. Lakini kwa lami gurudumu kubwa na jembamba hugeuka polepole zaidi katika kona. Njiti za chuma hupinda bila kuvunjika, na fundi wa baiskeli mwenye uzoefu aweza kuzinyosha; gurudumu la kuyeyushwa likigonga jiwe kwa nguvu hupasuka, na likipasuka ni la kutupwa.

Tairi nazo zafaa kutazamwa kwa makini, maana ni vipande viwili vidogo vya mpira, kila kimoja karibu na ukubwa wa kiganja, vinavyomshikilia mtu ardhini. Tairi yenye meno makubwa hushika matope vizuri, lakini juu ya lami yenye mvua huteleza na huisha upesi. Tairi ya meno madogo hudumu, na kwa murram kavu hutosha kabisa. Katika mchanga mwingi wapandaji wazoefu hupunguza upepo kutoka kiasi cha pauni 30 mpaka 18 au 20, ili tairi ilale na kushika. Lakini aliyepunguza lazima achukue pampu ajaze tena kabla ya kurudi katika mawe au lami, la sivyo mpira wa ndani huchanwa.

Springi ni jambo lingine. Kabla barabara ya Isiolo mpaka Moyale kutiwa lami katika miaka ya 2010, sehemu kubwa ya urefu wake wa kilomita 500 ilikuwa na mikunjo kama bati la nyumba, nayo ililegeza kila skrubu na kuvunja springi za malori. Leo lami hiyo ni nzuri, lakini mtu akiiacha pale Marsabit akageuka magharibi kuelekea Chalbi na Loiyangalani, atakutana na mikunjo ile ile, kisha mchanga, kisha mawe meusi ya volkano. Hapo urefu wa mwendo wa springi huonekana faida yake. Yamaha Ténéré 700 ina milimita 210 kwa mbele, na Honda CRF300L ina 260. Lakini springi ndefu huinua kiti: kiti cha Honda hiyo ki karibu milimita 880 kutoka chini, na mtu mfupi hufikisha ncha za vidole tu. Royal Enfield Himalayan ya cc 411, iliyoanza kuuzwa mwaka 2016, ina kiti cha milimita 800, na ndiyo sababu moja ya kupendwa kwake, ingawa ina uzito wa kilo karibu 200 na si nyepesi hata kidogo kwa nguvu ilizo nazo. Afadhali mtu akanyage ardhi kwa miguu yote miwili kuliko kusifiwa kwa urefu wa springi zake.

Sasa lije swali la injini. Kwa njia mbovu nguvu nyingi si msaada. Mwendo wa kilomita 40 kwa saa katika mawe ni mwendo wa kutosha. Kwa barabara kuu ni kinyume chake. Pikipiki ya cc 150 ikipanda kutoka Bonde la Ufa na abiria nyuma yake huishiwa nguvu, na malori huipita kwa karibu mno. Tena hewa ya nchi za juu ni nyepesi. Penye urefu wa mita 2,500, injini hupoteza karibu robo ya nguvu iliyokuwa nayo Mombasa. Yenye kabureta iliyorekebishwa pwani ikifika Timboroa hupata petroli nyingi kupita hewa; hukohoa, hutoa moshi mweusi, na plagi yake huwa nyeusi kwa masizi. Ile ya kisasa, ambayo kompyuta ndogo huipimia petroli, hujirekebisha yenyewe. Hata hivyo pampu yake haipendi uchafu, na petroli inayouzwa kwa chupa kando ya njia mara nyingi ina uchafu. Anayenunua petroli ya namna hiyo na aichuje kwa kitambaa safi. Kabureta iliyoziba husafishwa na fundi yeyote chini ya mti. Pampu ya umeme iliyokufa haisafishwi.

Tangi pia lina hesabu yake. CRF300L, kwa wepesi wake wote, ina tangi lisilozidi lita 8, nayo inafaa zaidi kwa mtu asiyekwenda mbali na kituo cha petroli. Ténéré ina lita 16. Honda XR150L ndogo ina lita 12, na kwa kuwa hunywa kidogo, huweza kupita kilomita 300 bila kujazwa. Mganga yule wa Maralal, aendaye Baragoi na kurudi kwa siku moja, huwa na akiba ya kutosha katika tangi la namna hiyo.

Lakini pikipiki iliyo bora katika karatasi si lazima iwe bora mahali mtu akaapo. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT juu ya pikipiki zisizofikia cc 250, na idadi yake ikaongezeka sana mijini na mashambani. Tunda moja la jambo hilo ni kwamba vipuri vya Bajaj Boxer na wenzake hupatikana leo hata katika duka lenye unga, sabuni na misumari. Mnyororo, waya wa klachi na viatu vya breki hununuliwa hapo hapo. Boxer si pikipiki ya porini: magurudumu yake ni ya inchi 17 na springi zake ni fupi. Hata hivyo hupita kila siku mahali ambapo wauzaji wa mashini kubwa huweka katika picha zao. Mwenye fedha kidogo asidharau jambo hilo. Kwa safari fupi na mzigo, ikiwekewa tairi ya meno, yamtosha.

Sheria haitofautishi pikipiki kubwa na ndogo katika jambo moja: mpandaji na abiria wake lazima wavae kofia ya kinga na koti linalong'aa, na abiria ni mmoja tu. Bei ya kofia mbili nzuri ihesabiwe tangu mwanzo pamoja na bei ya pikipiki, wala si baadaye fedha zikiisha.

Anayenunua iliyotumika ahakikishe kwanza kwamba nambari ya injini na ya fremu zalingana na zile za hati ya mwenyewe. Kisha aishike injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji ameipasha ili ugumu wake wa kuwaka asubuhi usionekane. Azungushe gurudumu la mbele lililoinuliwa na kutazama kama layumba. Ageuze usukani polepole kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Ukikwama kidogo katikati, beringi zake zimekula. Mwisho ailaze chini taratibu juu ya majani, mafuta yakiwa ndani, akijaribu kuiinua peke yake. Muuzaji atanung'unika. Asiyeweza kuiinua hapo uwanjani, mchana, akiwa hana mzigo wala uchovu, aangalie pikipiki nyingine.