Pensheni ya Nairobi, maisha ya Moshi: Hesabu ya mstaafu

MWAKA ujao nitatimiza umri wa miaka 60, na mwajiri wangu, Serikali ya Kenya, atanitakia heri na kunionyesha mlango wa kutokea.

Tangu umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma ulipopandishwa kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka 2009, wenzangu ofisini wamekuwa wakilizungumza swali moja kila wakati wa chai: mtu ataishi wapi na pensheni isiyotosha hata kodi ya nyumba Nairobi? Wengi hujibu kwamba watarudi mashambani kwao. Mimi na mke wangu tumekuwa tukiitazama Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, upande wa pili wa mpaka.

Sababu ya kwanza ni pesa. Nairobi tunalipa Sh28,000 kwa mwezi kwa nyumba ya vyumba viwili ambayo dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Moshi tulionyeshwa nyumba ya vyumba vitatu, yenye ua na miparachichi miwili, kwa shilingi 300,000 za Tanzania. Katikati ya mwaka 2025, shilingi moja ya Kenya ilipokuwa ikibadilishwa kwa takriban 20 za Tanzania, hiyo ilikuwa kama Sh15,000 za kwetu. Ndizi, maharage na mboga huko hununuliwa bila mtu kupiga moyo konde.

Lakini hesabu hiyo ina mdudu ndani. Januari 2024, shilingi yetu ilipokuwa imedorora na dola moja ikiuzwa kwa karibu Sh160, shilingi ya Kenya haikufikia hata 16 za Tanzania. Kwa kiwango hicho nyumba ile ile ingenigharimu zaidi ya Sh19,000. Mwenye nyumba hajapandisha kodi hata senti, nami nimekuwa maskini zaidi nikiwa nimeketi barazani pangu. Mfanyakazi anaweza kuomba nyongeza ya mshahara. Mstaafu atamwomba nani?

Jambo lililonikosesha usingizi zaidi ni ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, ardhi yote ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji unaotambuliwa kisheria, na nyumba ya mzee ya kupumzikia si uwekezaji. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, haikubadilisha hilo, kwani suala la ardhi liliachiwa sheria za kila nchi. Kwa kulinganisha, Katiba yetu ya 2010 inamruhusu mgeni kukodi ardhi Kenya kwa muda usiozidi miaka 99.

Wapo watakaokunong'oneza kwamba njia ipo: nunua kiwanja kwa jina la rafiki Mtanzania, mwandikishiane karatasi pembeni. Msomaji, jihadhari na ushauri huo. Mbele ya sheria kiwanja ni cha rafiki. Akifa, ni cha watoto wake, ambao huenda hawakujui na hawana sababu ya kukujua. Zanzibar sheria ya 2010 iliwafungulia wageni mlango wa kununua nyumba za ghorofani, lakini nyingi zinauzwa kwa dola, na mwenye dola za namna hiyo hana haja ya kuikimbia Nairobi.

Basi tutapanga. Kukaa nako kuna masharti. Raia wa jumuiya anaweza kuingia kama mgeni kwa muda wa hadi miezi sita, lakini haki ya ukaazi katika itifaki imefungamanishwa na kufanya kazi au kuanzisha biashara. Mstaafu hana kazi wala biashara. Kwake kuna kibali cha ukaazi daraja C, chenye ada yake na tarehe yake ya mwisho.

Nilikuwa nimewaza pia kufungua duka dogo ili nisizeeke nikihesabu magari. Julai 2025 Serikali ya Tanzania ikatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo duka la rejareja, uwakala wa pesa kwa simu na utengenezaji wa simu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe ningelipokea, ila shamba silo langu na duka siruhusiwi.

Mke wangu ana hoja zake, nazo si ndogo. Anakumbuka wazazi wake wakisimulia jinsi Tanzania ilivyofunga mpaka Februari 1977, nao haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mei 2020 ikawa zamu ya Kenya kuufunga kwa watu, malori ya mizigo tu yakipita, kwa sababu ya korona. Anauliza: wajukuu wakiwa Nairobi na mpaka ukafungwa tena, tutafanyaje?

Kuhusu matibabu ninatulia kidogo, kwa maana Moshi ina hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971. Tatizo ni nani atalipa. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, imejengwa juu ya hospitali za Kenya. Ugonjwa wa ghafla Moshi utatoka mfukoni mwangu.

Halafu kuna kifo. Kwetu Machakos mtu huzikwa nyumbani, na kuuvusha mwili mpakani kunahitaji vibali na gari ambavyo pensheni haikuvihesabu. Mke wangu amesema wazi kwamba ploti ya Machakos haiuzwi kwa sababu yoyote, nami sikubishana naye.

Kwa sasa tumekubaliana kwenda kupanga kwa miezi sita, kwa pasipoti zetu na muhuri wa mgeni, na kuona pesa zinaisha tarehe ngapi ya mwezi. Kikwazo kilichobaki ni mwenye nyumba ile ya miparachichi. Anataka kodi ya mwaka mzima, kwa mkupuo.